Fungua Kurasa za Nyuma Kwanza

Jumatano jioni, kabla sijapanda mwendokasi kurudi Kimara, hupita kwenye meza ya magazeti karibu na Posta Mpya, hapa Dar es Salaam. Upepo wa bahari hufika mpaka pale, kwa hiyo muuzaji huweka kokoto juu ya kila fungu. Mbele ya meza huwa wamesimama watu saba au wanane, mikono nyuma, shingo mbele, wakisoma vichwa vya habari bila kugusa karatasi. Wakimaliza safu moja wanasogea hatua moja kushoto. Wengi huondoka bila kununua, nami siwalaumu. Elfu moja ina kazi nyingi mjini hapa.

Mimi nikifika huchukua gazeti na kulipindua, nikaanza kulitazama kwa nyuma. Kijana anayeuza ameshanizoea. "Mama, wenzako wote wanaanzia mbele," aliniambia wiki iliyopita. Nikamjibu kwamba ya mbele nilishasomewa redioni alfajiri.

Ndivyo ilivyo. Kila asubuhi redio na televisheni zetu hupitia magazeti kichwa kwa kichwa, na gazeti linapofika mezani ukurasa wake wa kwanza umeshasomewa jiji zima bure. Kilichobaki cha kununua kiko ndani, na zaidi kiko nyuma.

Naandika haya kwa sababu ya swali nililoulizwa na binti mmoja tunayefanya naye kazi. Alinijia mchana na simu mkononi. "Dada, nataka jarida moja la kila wiki. Liwe na siasa, liwe na utamaduni, na hadithi nzuri ya kusoma. Hela niliyonayo inatosha moja tu kwa mwaka. Nichukue lipi?" Nilimjibu papo hapo, nikamtajia jina moja. Jioni nikajua nimemjibu vibaya, kwa sababu nilimpa jina bila kumpa namna ya kupima.

Kipimo changu nilikipata kwa wauza vitabu wa mitumba. Nikiwa sekondari nilikuwa nanunua majarida ya nje kwa wale wanaotandaza vitabu chini katikati ya jiji. Time na Newsweek za miezi minane nyuma, wakati mwingine za miaka miwili, jalada limepauka kwa jua. Mbele kulikuwa na picha ya mwanasiasa ambaye alishaondoka madarakani, na uchambuzi wa uchaguzi ambao matokeo yake tulishayajua. Kurasa hizo nilikuwa nazipita kama mtu anayepita duka lililofungwa. Lakini nikifika nyuma, kwenye mapitio ya kitabu, au mazungumzo na mpiga tarumbeta, au simulizi ya familia fulani, mambo yalikuwa mabichi kama yameandikwa jana. Kuchelewa ndiko kulikokuwa kunachekecha. Habari zikianguka chini, juu ya chekeche kilibaki kile ambacho mwandishi na mhariri wake walikifanyia kazi kweli.

Basi nasema hivi: ukitaka kujua kama jarida la wiki linafaa, usianze na toleo la wiki hii. Tafuta la miezi mitatu iliyopita, anzia nyuma, uone umebaki na nini. Kama hukuti cha kusoma, hilo linauza habari zinazochacha, na habari za namna hiyo utazipata bure asubuhi.

Jina nililomtajia binti yule lilikuwa The New Yorker, na bado nalitetea. Lilianzishwa New York Februari 1925 na Harold Ross pamoja na mkewe Jane Grant. Kwa kawaida toleo lake lina hadithi fupi, mashairi, mapitio ya vitabu na sinema, na makala ndefu za mambo ya dunia. Lina watu ambao kazi yao ni kupiga simu na kuuliza kama kila jambo lililoandikwa ni kweli, hata rangi ya kiti. Ila sababu yangu ya kulipenda iko kwenye toleo moja la tarehe 31 Agosti 1946. Wiki hiyo walitoa nafasi yote ya makala kwa mwandishi mmoja, John Hersey, na habari moja tu: watu sita walionusurika bomu la Hiroshima. Maneno zaidi ya 30,000. Mwanzoni ilipangwa itoke vipande vipande kwa matoleo manne, mhariri William Shawn akasisitiza itoke yote kwa pamoja. Jaladani kulikuwa na picha ya watu wanaopumzika bustanini majira ya joto. Ukifungua unakutana na mji ulioungua.

Mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu bomu lile lianguke. Kama ni habari, ilikuwa imeshachacha. Kwa nini basi inasomeka mpaka leo? Kwa sababu Hersey aliiandika kwa vyombo vya hadithi. Alimpa kila mtu jina, saa, mahali alipokaa na alichokishika mkononi dakika ile. Karani yuko ofisini, anageuza kichwa azungumze na mwenzake. Daktari yuko barazani anasoma gazeti. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Jarida lililozoea kuhariri hadithi kila wiki ndilo lililokuwa na mkono wa kuhariri habari ya namna ile. Mhariri anayejua lini hadithi inalegea hujua pia lini ripoti inalegea. Ukurasa wa hadithi ni shule ya kurasa nyingine zote, na jarida lililoufuta kwa kuuona ni anasa limefunga shule yake.

Miaka miwili baadaye, Juni 1948, jarida hilohilo lilitoa hadithi fupi ya Shirley Jackson kuhusu desturi ya kutisha ya kijiji kimoja, na mwandishi akapokea barua zaidi ya 300 majira yale. Baadhi ya wasomaji walitaka kujua jambo lile hufanyika mji gani. Waliamini. Mwafrika naye hakufungiwa mlango humo: Chimamanda Ngozi Adichie, mwandishi wa Nigeria, alitoa hadithi yake moja humo mwaka 2007 na nyingine mwaka 2015, na ukizisoma leo huhitaji kujua nani alikuwa rais wa nchi gani wiki ile.

Nilichokosea ni kutomwambia udhaifu wake. Kwanza, ni jarida la mji mwingine. Kurasa zake za mwanzo hukueleza tamthilia na maonyesho ambayo wewe wa Kimara hutayaona. Pili, ni refu, na linakuja karibu kila wiki. Kuna mwaka nililipia la karatasi kupitia kampuni moja ya uagizaji. Kwanza hayakuja kabisa kwa miezi miwili, kisha yakaja kumi na moja kwa mpigo, yote ndani ya nailoni. Nikayapanga kando ya kitanda. Kila usiku nilikuwa nayatazama kama deni. Mengine niliyachana nailoni mwaka uliofuata. Hadithi zilikuwa hazijaharibika hata kidogo, lakini nilijifunza kwamba kulipia jarida na kulisoma ni mambo mawili, na mtu mwenye bajeti ya jarida moja ajiulize kwanza ana saa ngapi kwa wiki.

Saa zangu mimi nazijua. Ni safari ya Kimara mpaka Posta asubuhi, na ya kurudi jioni nikipata kiti. Hadithi fupi ya kawaida huisha kwa safari mbili. Makala ndefu hula siku tatu. Kwa hesabu hiyo jarida moja nene kwa wiki ndiyo mwisho wangu.

The Economist watu wengi mjini hulibeba, na wapo wanaolibeba ili lionekane mezani. Ni kongwe, London 1843, mwanzilishi James Wilson aliyekuwa anapinga sheria za ushuru wa nafaka. Makala zake mpaka leo karibu zote hazina jina la mwandishi. Anayefanya kazi za fedha au biashara ya nje litamsaidia. Kwenye kipimo changu cha kuchelewa, sehemu kubwa ya kurasa za mbele huanguka, kama nilivyotarajia. Kinachobaki ni kurasa za vitabu na utamaduni, na ukurasa mmoja wa mwisho: tanzia. Tangu 1995 kila wiki wanamwandika marehemu mmoja, na si lazima awe mkuu wa nchi. Sisi tuliokua tukisikia matangazo ya vifo ya Redio Tanzania, nyumba nzima imekaa kimya kusikiliza jina la ukoo na kijiji cha mazishi, tunajua maisha ya mtu yanavyoweza kukaa katika sentensi chache. Kwa ajili ya ukurasa ule peke yake nimelinunua jarida zima, zaidi ya mara moja. Lakini hadithi hakuna, na binti alitaka hadithi.

Ya Waingereza mengine nayapita haraka. The Spectator lilianza 1828, New Statesman 1913, moja la mrengo wa kulia na jingine la mrengo wa kushoto. Yote mawili mbele yana siasa za bunge lao, ambazo kwetu hazina nguvu, na nyuma yana mapitio mazuri ya vitabu. Times Literary Supplement, la 1902, ambalo wahakiki wake hawakuandika majina yao mpaka 1974, hushinda kipimo cha kuchelewa kirahisi, maana kitabu kizuri hakina wiki. Ni la mtu anayetaka vitabu tu. Hapa jirani, The EastAfrican la Nairobi limekuwa likitoka kila wiki tangu 1994, na kwa mipaka, mizigo, bandari na siasa za Jumuiya yetu silijui linalolizidi. Lina kurasa za utamaduni, nazo ni nzuri. Hadithi, hapana.

Sasa niseme la nyumbani, ambalo ndilo linaloniuma.

Sisi tulikuwa nazo kurasa za nyuma. Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa gazeti la mwezi la idara ya elimu ya serikali ya kikoloni, wala halikuwa na nia ya kumkomboa mtu. Hata hivyo wahariri wake walijua kwamba bila mashairi ya wasomaji halisomwi. Shaaban Robert ni mmoja wa waliotoa mashairi humo. Watu walijibizana kwa beti kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, mtu akitupa fumbo Tanga linafumbuliwa Kigoma.

Baadaye sana, miaka ya 1990 na 2000, tukapata magazeti pendwa: Uwazi, Ijumaa, Risasi, Amani. Wasomi wengi huyakumbuka kwa picha za mbele na umbea wa wasanii. Mimi nayakumbuka kwa hadithi za mfululizo za Eric Shigongo na wenzake. Tulipanga Magomeni, nyumba ya vyumba sita na uani mmoja. Nakala moja ya gazeti ilinunuliwa kwa zamu, ikaanza chumba cha mbele na kumalizia jikoni. Kulikuwa na sheria moja tu, aliyetangulia kusoma asimwambie mwenzake. Mama mmoja mpangaji hakujua kusoma. Alikuwa anakaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, mimi nimeketi kizingitini namsomea. "Hapo rudia," angesema, na mkono unasimama juu ya kifuu. "Alimwambia nini?" Nikirudia, anaguna, kisha anaendelea kukuna. Tukifika kwenye neno "Itaendelea" alikuwa anatia ulimi kwenye meno na kuuliza leo ni siku gani, ajue zimebaki ngapi.

Hadithi zile zilikuwa na makosa. Ziliandikwa mbiombio, mtu aliyekufa toleo la nne alifufuka la kumi bila maelezo, na wanawake waliadhibiwa kuliko walivyostahili. Ningependa mhariri mkali zaidi. Lakini mama yule hakukosa wiki hata moja, na katika gazeti lilelile, kwa kuwa lilikuwa mkononi, alitaka pia nimsomee habari ya bei ya sukari na kesi ya kiwanja. Hadithi ilimleta, mambo ya nchi yakampata hapohapo. Hiyo ndiyo kazi ya gazeti la wiki lenye vyote vitatu.

Charles Dickens, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, aliijua biashara hii. Alikuwa na jarida lake la kila wiki London, All the Year Round, alilolianzisha 1859. Mwaka uliofuata hadithi ya mfululizo ya mwandishi mwingine ikawachosha wasomaji na mauzo yakashuka. Dickens hakukimbilia kuongeza siasa wala kupunguza kurasa. Alianza kuandika riwaya mpya yeye mwenyewe, ikaanza kutoka Desemba 1860, na wasomaji wakarudi. Wahariri wetu wanaposema ukurasa wa hadithi hauleti matangazo, nami nimeambiwa hivyo uso kwa uso, ningependa wapime na hili la pili: unaleta msomaji kila wiki, na msomaji wa kila wiki ndiye anayetafutwa na mwenye tangazo.

Upande wa uchambuzi wa siasa tulikuwa na Rai miaka ya 1990, kisha MwanaHALISI, na Raia Mwema kuanzia 2007. Yalikuwa na safu ndefu, hoja inajengwa kwa kurasa mbili, na anayepinga anajibu wiki inayofuata. Magazeti haya yalipata pigo ambalo hatulipimi vizuri. Raia Mwema lilifungiwa na serikali siku 90 mwaka 2017. MwanaHALISI lilifungiwa 2012, na tena 2017 kwa miezi 24. Leseni yake ilirudishwa Februari 2022. Watu wengi huhesabu miezi. Mimi nahesabu matoleo. Siku 90 ni Jumatano kumi na mbili au kumi na tatu ambazo msomaji amefika mezani akakosa. Miezi 24 ni zaidi ya matoleo 100. Kununua gazeti la wiki ni mazoea, kama kwenda gulioni, na mazoea yakikatwa mara 100 mtu anapata njia nyingine ya kupita. Njia hiyo ilikuwa simu.

Hadithi nayo ikahamia kwenye simu. Leo mtunzi hutuma sehemu ya kwanza bure kwenye kundi la WhatsApp, na anayetaka zinazofuata hulipa kwa simu. Nawafurahia watunzi hawa, maana hela inawafikia bila mtu wa kati. Lakini hawana mhariri. Hakuna anayewarudishia sura ya tatu na kuwaambia hapa umedanganya, huyu mhusika asingesema hivi. Tena msomaji wa hadithi amebaki na hadithi peke yake, na msomaji wa siasa amebaki na siasa peke yake, kila mmoja kwenye kundi lake. Hakuna tena kugongana. Zamani ulinunua gazeti kwa ajili ya bajeti, ukiwa kwenye foleni ukafungua ukurasa wa 18, ukajikuta umepitiliza kituo kwa sababu ya msichana wa kubuni.

Tangu 2023 tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10. Ni jambo jema na naliunga mkono kwa moyo wote. Ila tuzo huja mara moja kwa mwaka na kuwafikia wachache. Jarida la wiki lenye ukurasa mmoja wa hadithi linahitaji hadithi 52 kwa mwaka, maana yake watunzi 20 au 30 wanaolipwa kidogokidogo, wanaokataliwa, wanaoandika upya. Tuzo itawapata wapi washindi wa miaka kumi ijayo kama hakuna mahali pa kukosea hadharani kwanza?

Kwa hiyo binti yangu, jibu langu jipya ni hili. Usilipie mwaka mzima bado. Pata matoleo matatu ya jarida unalolifikiria, moja wapo liwe la zamani. Anzia nyuma. Weka alama kwenye kila kitu ulichokimaliza kati ya Kimara na Posta. Ukiona umemaliza hadithi, umemaliza mapitio ya kitabu ambacho huwezi kukipata, na makala moja ya siasa za nchi usiyoijua, lipia. Tuchangie watatu pale ofisini, nakala moja itatutosha, kama ya Magomeni.

Halafu kila wiki toa elfu moja yako ununue gazeti la wiki la hapa, hata kama halina hadithi. Naona watu wenye akili nzuri mjini hapa ambao wanaweza kukueleza onyesho jipya la New York, lakini hawajui wiki hii kuna nini kwenye kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space wala kitabu gani kinazungumzwa kwenye mkahawa wa vitabu wa Soma, na zote mbili zinafikika kwa bajaji. Wiki yetu haiandikwi London. Ukinunua, pindua, na kama nyuma hakuna kitu mwandikie mhariri umwambie. Mimi nimeshawaandikia wawili. Mmoja alinijibu kwamba analifikiria.

Mjomba wangu wa Tabata alikuwa mnunuzi wa namna hiyo. Alipofariki, baada ya arobaini tulifungua sanduku lake la bati tukakuta mafurushi ya magazeti ya kila wiki, yamefungwa kwa kamba ya katani, mwaka kwa mwaka. Mkewe alitaka kuyagawa kwa mama wa vitumbua. Nikamwomba. Nimeyasoma kuanzia nyuma. Katika moja, la gazeti ambalo halipo tena, kuna hadithi ya mfululizo: mwanamke amesimama stesheni ya Dodoma usiku, ameshika barua ambayo hajaifungua, na treni inaanza kuondoka bila yeye. Chini imeandikwa "Itaendelea Jumatano ijayo". Toleo la Jumatano hiyo halimo kwenye furushi. Kijana wa pale Posta ameniambia baba yake aliuza magazeti miaka ile, na ana stoo Mbagala. Ameniahidi kutazama.